Li Ning: Medali Zilikuwa za Taifa, Jina Likabaki Lake

Katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, hakuna mwanamichezo wa mchezo wowote aliyeondoka na medali nyingi kumzidi Li Ning. Alikuwa mwanajimnastiki kijana wa miaka 21 kutoka Guangxi, kusini mwa China, na alichukua medali sita: tatu za dhahabu, mbili za fedha na moja ya shaba. Miaka minne baadaye, mjini Seoul, alianguka kwenye vifaa viwili, akarudi nyumbani mikono mitupu, na barua za matusi zikammiminikia kutoka kwa watu walewale waliokuwa wakimwita mwana wa mfalme wa jimnastiki. Tarehe 8 Agosti 2008, mtu huyohuyo alichaguliwa kuwasha mwenge mkubwa wa Olimpiki ya Beijing.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtu aliyepanda, akaporomoka, kisha akainuka. Si uongo, ila kisa cha namna hiyo hakielezi lolote. Kwa nini taifa zima limkasirikie mtu kwa kuteleza kwenye pete, kimojawapo cha vifaa hivyo? Kwa nini bingwa mwenye heshima zote hizo aishie kuuza viatu na fulana? Na ilikuwaje serikali iliyommiliki tangu utotoni imwachie ajenge utajiri kwa jina lake mwenyewe? Ninaamini maswali hayo yote yana mzizi mmoja, nao ni swali la nani hasa alikuwa mwenye mali: mwili uliofunzwa, medali zilizoshindwa, na jina lililotangazwa.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Afrika Mashariki tunaijua zaidi sarakasi, na hata hiyo ina mkono wa China ndani yake, kwa kuwa Tanzania ilipeleka vijana huko miaka ya 1960 kujifunza fani hiyo. Sarakasi ni maonyesho: ukiwafurahisha watazamaji, kazi imekwisha. Jimnastiki ni mashindano yenye kitabu cha sheria kinachotaja kila mwondoko, thamani yake, na kiasi cha pointi kinachokatwa goti likipinda au mguu ukisogea wakati wa kutua.

Wanaume hushindana kwenye vifaa sita. Kuna sakafu, ambako mtu hupiga mbio na kupinduka hewani. Kuna farasi mwenye vishikio, kifaa kirefu cha kufunikwa ngozi ambacho mwanamichezo huzungusha miguu juu yake huku kinachogusa kifaa ni viganja peke yake. Kuna pete mbili zinazoning'inia, kuna mruko, ambako mtu hupiga mbio na kuruka juu ya kifaa, kuna baa pacha, yaani fito mbili zilizolazwa sambamba, na kuna baa ya juu, ufito mmoja wa kubembea. Vifaa hivi havipendi mwili wa aina moja. Pete zinadai mabega yenye nguvu ya kutisha, mtu aweze kunyoosha mikono hewani na kutulia bila kutikisika. Farasi mwenye vishikio anadai wepesi, mapigo ya saa, na mikono mirefu humsaidia mtu. Wanaotawala kimoja mara nyingi huteseka kwenye kingine. Li Ning alishinda dhahabu ya Olimpiki kwenye vyote viwili, na juu ya hayo akashinda sakafu. Mimi humpima kwa hilo kabla ya kuhesabu medali zake nyingine.

Juu ya farasi alichukua ule mzunguko wa miguu iliyotanuliwa uliopata umaarufu kupitia Mmarekani Kurt Thomas mwishoni mwa miaka ya 1970, akaupandisha hadi kusimama kwa mikono, kisha akashuka tena kuendelea kuzunguka bila kupoteza mdundo. Kwenye pete aliingia na kutoka katika mikao ambayo mabega ya mtu wa kawaida hayaikubali, na kitabu cha sheria hadi leo kina miondoko ya pete yenye jina lake. Katika jimnastiki, mwondoko hupewa jina la mtu aliyekuwa wa kwanza kuufanya kwenye mashindano makubwa ya kimataifa. Ni aina ya hati miliki isiyolipa hata senti, lakini haifutiki.

Alizaliwa mwaka 1963, akakulia Liuzhou, na ni wa kabila la Wazhuang, ambalo ndilo kubwa kuliko makabila yote madogo ya China. Alianza mazoezi akiwa na umri wa miaka saba au minane. Hayo yalikuwa miaka ya mwanzo ya 1970, China ikiwa bado ndani ya Mapinduzi ya Utamaduni, na timu nyingi za michezo zilizokuwa zimevunjwa mwaka 1966 na kuendelea zilikuwa zinaanza kukusanywa upya. Mtoto mwenye mwili mwepesi na miguu isiyotulia alionekana shuleni, akapelekwa kwenye mazoezi, kisha akachukuliwa na timu ya mkoa. Mwaka 1980 akaingia timu ya taifa mjini Beijing.

Njia hiyo haikuwa ya bahati. China ilikuwa imeiga muundo wa Kisovieti tangu miaka ya 1950: chini kabisa shule za michezo ambazo watoto huhudhuria baada ya masomo, juu yake timu za mikoa, na juu kabisa timu ya taifa. Mtoto akifika ngazi ya mkoa, serikali inamlisha, inamlaza bwenini, inamtibu na kumpa posho. Masomo yanapata saa zinazobaki. Mikoa inapambana kwenye Michezo ya Taifa, na maofisa wa michezo wa kila mkoa wanapimwa kwa medali walizoleta, kwa hiyo kila mmoja anataka kumpata mtoto mwenye kipaji kabla ya mwenzake. Wachina wanaueleza utaratibu huu kuwa ni nchi nzima kuelekeza nguvu zake mahali pamoja.

Mzazi wa wakati huo, katika nchi maskini, alikuwa na sababu nzuri ya kukubali. Mtoto anakula vizuri kuliko nyumbani, ana kazi ya serikali mbele yake, na huenda akasafiri nje ya nchi wakati ambapo karibu hakuna aliyesafiri. Ila makubaliano yalikuwa na upande wa pili ambao haukuandikwa popote: aliyelishwa na taifa ni wa taifa. Ushindi wake si wake. Na kama ushindi si wake, basi kushindwa kwake pia si jambo lake binafsi. Ni hasara ya watu wote, na kila mmoja anajiona ana haki ya kudai.

Kwa muda mrefu mfumo huu ulifanya kazi bila dunia kuuona. China Bara ilijitoa kwenye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1958 kwa sababu ya mgogoro wa nani aiwakilishe China, Beijing au Taiwan, na mwaka 1964 ikajitoa pia kwenye shirikisho la kimataifa la jimnastiki. Ilirudi kwenye shirikisho mwaka 1978 na kwenye Olimpiki mwaka 1979. Mwaka huo wa 1979, mjini Fort Worth, Marekani, msichana Ma Yanhong akawa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa jimnastiki, akigawana dhahabu na Mjerumani Mashariki Maxi Gnauck. Li Ning alifika timu ya taifa mlango ukiwa ndio kwanza umefunguliwa. Angezaliwa miaka kumi mapema, huenda angekuwa kocha mahiri wa Guangxi asiyejulikana nje ya mkoa wake.

Dunia ilimtambua Oktoba 1982, mjini Zagreb, kwenye Kombe la Dunia. Kulikuwa na dhahabu saba za wanaume: moja ya jumla kwa vifaa vyote, na moja kwa kila kifaa. Li Ning alichukua sita, na kifaa pekee kilichomponyoka kilikuwa baa pacha. Wasovieti walikuwepo, Wajapani walikuwepo. Jina la mwana wa mfalme lilianzia hapo. Mwaka uliofuata, mjini Budapest, timu ya wanaume ya China iliwapita Wasovieti kwa tofauti ndogo mno na kuwa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza.

Ninaitaja Budapest kwa makusudi, kwa sababu kuna hoja ambayo haikosi kutolewa Los Angeles ikitajwa: kwamba medali za 1984 zilikuwa rahisi, kwa kuwa Umoja wa Kisovieti, Ujerumani Mashariki na washirika wao wengi walisusia michezo ile. Hoja hiyo ina uzito na si haki kuipuuza. Dmitry Bilozerchev, aliyekuwa bingwa wa dunia wa jumla mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka 16 tu, hakuwepo Los Angeles. Yeye alishindana na kushinda Olomouc, kwenye mashindano ambayo nchi zilizosusia ziliyaandaa badala yake. Angekuwepo, hesabu ingebadilika. Lakini Li Ning alikuwa amekwisha kuwashinda Wasovieti kabla ya hapo, na akaendelea baada ya hapo: mwaka 1985 mjini Montreal alitwaa ubingwa wa dunia wa pete sawa kwa pointi na Yuri Korolev, na mwaka 1986 kwenye Kombe la Dunia lililofanyika Beijing alifungana na Korolev huyohuyo kwenye ubingwa wa jumla. Anayesema alikuwa bingwa wa kususiwa hajaitazama miaka ile yote kwa pamoja.

Sasa tuingie Los Angeles, ndani ya ukumbi wa Pauley wa Chuo Kikuu cha UCLA. Hapa kuna fumbo la pointi ambalo msomaji wa leo hulitazama bila kulielewa. Li Ning alishinda sakafu kwa pointi 19.925. Kwenye farasi mwenye vishikio alipata 19.950, na Mmarekani Peter Vidmar akapata hizohizo, wote wawili wakapewa dhahabu. Kwenye pete alipata 19.850 sawasawa na Mjapani Koji Gushiken, dhahabu mbili tena. Kwenye mruko mwenzake Lou Yun alishinda, na medali ya fedha ikaenda kwa watu wanne kwa mpigo, kila mmoja akiwa na 19.825: Li Ning, Gushiken, Mjapani Shinji Morisue na Mmarekani Mitch Gaylord. Watu wanne kwenye nafasi moja!

Sababu ni muundo wa alama wa zama zile. Kila zoezi lilikuwa na kikomo cha 10. Majaji wanne walitoa alama, ya juu kabisa na ya chini kabisa zikatupwa, mbili za kati zikachukuliwa wastani. Zoezi zuri lisilo na makosa halikufika 10 lenyewe. Sehemu ya mwisho, pointi 0.6, ilihifadhiwa kwa mambo matatu: kuthubutu jambo la hatari, kubuni jambo jipya, na kulifanya kwa umahiri unaozidi wa kawaida. Halafu alama za siku za timu hazikufutwa. Mwanamichezo aliingia fainali ya kifaa akiwa amebeba wastani wake wa mazoezi ya lazima, ambayo wote waliyafanya sawasawa, na ya hiari, aliyojipangia mwenyewe, kama mwanafunzi anayeingia mtihani wa mwisho na alama za muhula zikiwa zimeshaandikwa. Wastani huo ukijumlishwa na alama ya fainali, unapata ile 19 na ushei.

Ukizipiga hesabu kwa utaratibu huo, utaona kwamba hakuna njia ya kufika 19.950 wala 19.925 bila kupata 10 kamili mahali fulani. Utaona pia kwamba wakubwa wote wanabanwa juu ya dari moja. Mtu wa hatari na mtu wa usafi wanaishia nafasi ileile, kwa kuwa hakuna nafasi ya kupita 10. Ndiyo maana sare zilikuwa nyingi. Mazoezi ya lazima yaliondolewa baada ya Olimpiki ya 1996, na ukomo wa 10 ukafutwa mwaka 2006. Siku hizi alama ya ugumu haina mwisho, na alama ya utekelezaji huhesabiwa kando. Ninaukubali mfumo mpya kwa haki yake, ila kuna kitu kimepotea. Mtu asiyejua lolote kuhusu jimnastiki alielewa maana ya 10.

Kwenye ubingwa wa jumla wa vifaa vyote sita, Gushiken alimaliza na 118.700, Vidmar 118.675, Li Ning 118.575. Kati ya wa kwanza na wa tatu kuna 0.125. Hatua moja ya mguu wakati wa kutua inatosha kuzila pointi hizo. Na kwenye timu, Wamarekani wakiwa nyumbani kwao waliwapiga mabingwa wa dunia kwa 591.40 dhidi ya 590.80. Kwa hiyo hata katika wiki yake bora kuliko zote Li Ning alikuwa amepoteza mambo mawili aliyoyataka zaidi, na nyumbani karibu hakuna aliyelalamika. Ile ilikuwa Olimpiki kamili ya kwanza ya majira ya joto kwa China tangu 1952, nchi ilipata dhahabu 15, na watu walikuwa wakilia machozi mbele ya televisheni za jirani. Furaha ya 1984 ilikuwa kubwa kuliko mchezo wenyewe: ilikuwa ni nchi kuuambia ulimwengu kwamba imerudi.

Deni la furaha hiyo lilidaiwa Seoul.

Li Ning alikwenda Olimpiki ya 1988 akiwa na miaka 25, vifundo na mabega yakiwa yamechakaa. Alikuwa ametaka kustaafu mapema, akaombwa abaki kwa sababu timu haikuwa na wa kumrithi, naye hakuwa mtu wa kukataa ombi la timu. Kwenye pete mguu wake ulinasa, akapoteza mwondoko na kushuka. Kwenye mruko alitua akakaa chini. Timu ya China ikamaliza ya nne, nyuma ya Wasovieti, Wajerumani Mashariki na Wajapani. Na katika kushindwa huko, Li Ning alitabasamu.

Tabasamu hilo liliwachoma watu kuliko anguko. Jimnastiki inamfundisha mtoto tangu siku ya kwanza kwamba ukikosea unainua kichwa, unawasalimu majaji, unaondoka wima. Uso wa huzuni hauirudishi pointi na unawavunja moyo wenzako wanaosubiri zamu. Wenye mchezo wanalijua hilo. Mtazamaji wa Harbin au Wuhan, aliyekesha kumsubiri, aliona mtu anacheka wakati taifa linaaibika. China yote ilipata dhahabu tano tu Seoul, theluthi ya zile za 1984, kwa sababu Wasovieti na Wajerumani Mashariki walikuwa wamerudi. Hilo lingeweza kuelezwa kwa utulivu, lakini ule mwaka wenyewe haukuwa wa utulivu: bei za bidhaa zilikuwa zikipaa nchini, na watu walikuwa na hasira nyingi zisizo na pa kwenda. Uso wa Li Ning ukawa pa kwenda. Magazeti yalimshambulia, barua zikamfuata, na mtu aliyezoea kupokelewa kwa maua akarudi nyumbani akikwepa macho ya watu.

Sioni kwamba Wachina wa 1988 walikuwa wabaya kuliko mashabiki wengine. Tunawajua mashabiki wetu pia, na tunajua wanavyoweza kumgeuka mchezaji aliyekosa penalti. Tofauti ni kwamba hapa hasira ilikuwa na msingi wa kisheria, ukipenda kuuita hivyo. Kila yuani iliyomlea Li Ning ilitoka kwenye hazina ya umma. Aliyemtukana aliona anamkaripia mtumishi wake. Inafaa kukumbukwa vilevile kwamba mwaka huohuo waandishi wa China walianza kuuliza hadharani kama ni sawa taifa kupima heshima yake kwa dhahabu, na mjadala ule haujawahi kufungwa kabisa.

Njia ya kawaida ya bingwa anayestaafu ilikuwa kupewa kazi ya ukocha au kiti katika ofisi ya michezo ya mkoa. Li Ning hakuifuata. Aliyemfungulia mlango mwingine ni Li Jingwei, mkuu wa kiwanda cha vinywaji cha Jianlibao mkoani Guangdong, kile ambacho kinywaji chake kilinywewa na ujumbe wa China kule Los Angeles. Wakati wengi walikuwa wanamkimbia, yeye alimpa kazi. Mwaka 1990, kwa nguvu ya Jianlibao, ikazaliwa kampuni ya nguo za michezo yenye jina la Li Ning, na mwaka huohuo Beijing ikaandaa Michezo ya Asia. Mavazi ya kampuni hiyo mpya yakaonekana kwenye mbio za mwenge mbele ya mamilioni. Mwaka 1992, Barcelona, wanamichezo wa China walipanda jukwaani kupokea medali wakiwa wamevaa Li-Ning.

Wachambuzi wengi hupita juujuu hapa, na mimi naona ndipo penye kiini. Hadi wakati huo jina la mwanamichezo wa China halikuwa na mwenyewe. Lilitumika kwenye mabango na hotuba, na hakuna aliyemuuliza mwenye nalo. Li Ning alilitoa jina hilo kwenye hotuba akalishona kwenye fulana, na mtu aliyelitaka ilibidi alilipie. Katikati ya miaka ya 1990 akatengana na Jianlibao ili kampuni isimame peke yake, na mwaka 2004 hisa zake zikaanza kuuzwa kwenye soko la Hong Kong. Mtu aliyekuwa mali ya umma akawa ameligeuza jina lake kuwa mali ambayo umma unaweza kuinunua vipande vipande.

Haikumaanisha kwamba wenzake wote walipata nafasi hiyo. Sang Lan, bingwa wa taifa wa mruko, alivunjika shingo akipasha mwili moto kwenye mashindano ya Goodwill mjini New York mwaka 1998, na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Zhang Shangwu, aliyeshinda dhahabu ya pete kwenye Michezo ya Vyuo Vikuu ya Beijing mwaka 2001, alikutwa mwaka 2011 akifanya jimnastiki mitaani Beijing ili wapita njia wampe fedha. Hata waliofanikiwa walikumbushwa mipaka: mpiga mbizi Tian Liang, bingwa wa Olimpiki, aliondolewa timu ya taifa mwaka 2005 kwa kujishughulisha mno na matangazo. Li Ning alikuwa ametoka nje ya uzio kwanza, ndipo akafanya biashara. Tian alijaribu kuifanya akiwa bado ndani.

Kisha ikaja 2008. Adidas ndiyo iliyokuwa mdhamini rasmi wa Olimpiki ya Beijing, na Li-Ning ikashindwa zabuni kwenye ardhi yake yenyewe. Kampuni ikajipenyeza kwingine: ikawavisha watangazaji wa idhaa ya michezo ya televisheni ya taifa, na ikabaki na timu za jimnastiki, upigaji mbizi, ulengaji shabaha na tenisi ya mezani, ambazo China huzitegemea kwa dhahabu. Usiku wa ufunguzi, mwenge ulipofika mkononi mwa wa mwisho, akawa ni Li Ning. Akainuliwa kwa nyaya hadi ukingo wa juu wa uwanja wa Kiota cha Ndege, akiwa na miaka 45, akazunguka ukingo wote hewani kwa mwendo wa kukimbia huku picha za safari ya mwenge zikifunguka mbele yake kama hati inayokunjuliwa, kisha akawasha. Hakuweza kuvaa nguo za kampuni yake. Hazikuhitajika; soko lilipofunguliwa tena, bei ya hisa za Li-Ning ilipanda.

Kuhusu uamuzi ule wa waandaaji, wengi walisema ni taifa kumwomba radhi. Sina hakika taifa huomba radhi kwa njia hiyo. Mimi nauona zaidi kama taifa kumchukua tena: aliyekuwa amejitoa akawa tajiri kwa njia ambayo China mpya ilijivunia, na sasa angeweza kusimama juu ya uwanja kama picha ya miaka thelathini ya mageuzi ya uchumi.

Biashara yenyewe haikuwa laini kama kupaa kule. Baada ya 2008 kampuni ilifungua maduka kupita uwezo wa soko, na mwaka 2010 ikabadilisha nembo na kujitangaza kwa vijana kwa namna iliyowaudhi wateja wake wa zamani. Nembo mpya, hata hivyo, ilikuwa na jambo zuri ndani yake: ilichorwa kutokana na mwondoko wa Li Ning mwenyewe juu ya farasi mwenye vishikio. Hasara ya 2012 ilikaribia yuani bilioni 2, na 2013 na 2014 zikafuata kwa hasara pia, huku kampuni pinzani ya Anta ikiipita. Li Ning alirudi kwenye uendeshaji wa kila siku, akapunguza maduka na mrundikano wa bidhaa, na mwaka 2015 kampuni ikaona faida tena, ndogo lakini faida.

Kwenye jimnastiki, waliomfuata walimaliza alichokiacha. Li Xiaoshuang alishinda ubingwa wa jumla wa Olimpiki mwaka 1996, medali ambayo Li Ning aliikosa kwa 0.125. Timu ya wanaume ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki Sydney mwaka 2000, na Beijing 2008 wanaume wa China walichukua dhahabu saba kati ya nane. Mwaka 2000 Li Ning aliingizwa kwenye jumba la heshima la kimataifa la jimnastiki, Mchina wa kwanza kupata nafasi hiyo.

Februari 2018 kampuni yake ilipeleka nguo kwenye Wiki ya Mitindo ya New York. Mishono na rangi zilichukuliwa kutoka kwenye sare za michezo za zama zake, nyekundu na njano, na kifuani kulikuwa na herufi nne za Kichina kwa ukubwa: mbili za neno China, mbili za jina Li Ning. Zilinunuliwa kwa wingi na vijana wa China ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka 1988.